Maziwa ya Mkamwana

Mzee Nyakundi hakuwa mwoga. Aliwahi kumfukuza fisi kwa pampu ya baiskeli, na kisa hicho alikisimulia mara nyingi kuliko tulivyotaka kukisikia. Lakini asubuhi ile mkewe Zilpah alipoinua kikapu mbele yake na kumwambia, "Shika, mtoto anangoja," alirudi nyuma na kuficha mikono yote miwili ndani ya koti.

Kikapuni mlikuwa na chupa ya dawa iliyochemshwa na kufungwa kizibo cha mpira. Na ndani ya chupa mlikuwa na maziwa ya Bathsheba, mke wa mwanawe.

Kama wewe si Mgusii huenda usione shida iko wapi. Kwao kuna heshima inayoitwa chinsoni, na haina mchezo. Baba mkwe na mkamwana wake hawapeani mkono wala hawataniani. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa hata mvua ikinyesha mawe. Mambo ya mwili wa mkamwana, mimba yake, uzazi wake, titi lake, mzee hayatamki. Anayajua, maana si mjinga, ila anayajua kama mtu asiyejua. Na sasa mtu huyo anaambiwa abebe maziwa yaliyotoka titini muda mfupi uliopita, chupa ikiwa bado na uvuguvugu.

"Zilpah," alisema, "huoni haya?"

"Haya nimezimaliza kwenye uzazi wa watoto wako. Shika."

Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya Uhuru. Nyakundi na watu wake walikuwa wamehama kutoka milima ya Kisii na kufanya makao Uriri, katikati ya Wajaluo, yeye akitengeneza baiskeli sokoni na mwanawe Ombati akiuza ndizi na sukari. Bathsheba alijifungua mimba ya pili ikiwa na miezi saba tu, katika hospitali ya misheni upande wa Migori. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo hata wanawake waliomwona walinyamaza badala ya kupiga vigelegele. Wakamweka katika chumba cha joto, ndani ya sanduku lililotandikwa pamba na kuzungushiwa chupa za maji ya moto. Kunyonya hakuweza. Alilishwa kwa mpira mwembamba uliopita puani, tone kwa tone.

Mwenye chumba hicho alikuwa Sista Marcella, Mjaluo wa Homa Bay, Mkatoliki, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Wauguzi wengi siku hizo waliwapa watoto kama hao maziwa ya unga na kuwaambia mama zao waende wakapumzike. Marcella alikuwa na msimamo wake. Alimkalisha Bathsheba kitandani, akamfundisha kukamua kwa mkono, mchana na usiku, hata yakitoka matone mawili. "Huyu mtoto ako na dawa moja tu," alimwambia, "na hiyo dawa iko kwa wewe. Ukiacha kukamua, itakauka, na ikikauka mimi siwezi kuirudisha." Bathsheba alilishika neno hilo kuliko alivyowahi kulishika neno la mchungaji.

Hospitali haikuwa na vitanda vya kulaza mama asiyeumwa. Bathsheba akarudishwa nyumbani, akawa anakamua huko, na Ombati akawa anapeleka chupa kwa baiskeli kila siku. Mambo yakaenda. Mtoto akaongezeka kidogo, hata Marcella akaanza kumwita "jaduong' wangu", yaani mzee wangu.

Kisha Nyamoita, kifungua mimba, akaamka na macho mekundu na vipele uso mzima. Ukambi.

Marcella aliposikia hivyo langoni, alirudi nyuma kana kwamba Ombati amebeba nyoka. "Asiingie mtu wa hiyo nyumba! Ukambi ikiingia kwa hiki chumba, nitazika wote. Mama aliugua ukambi akiwa mdogo? Basi, maziwa yake haina neno. Lakini mkono ya kuleta lazima iwe safi. Nipatieni mtu hajakanyaga hiyo nyumba."

Walikaa wakahesabu watu. Ombati alilala na mtoto mgonjwa. Zilpah alimwogesha kila asubuhi. Majirani walikuwa wema, lakini maziwa ya mjukuu kupita katika mikono ya wasio wa nyumbani, na macho ya watu yalivyo, Zilpah asingekubali hata angechinjwa. Ni mtu mmoja tu wa boma lile ambaye hakuwahi kukanyaga nyumba ya Ombati tangu ilipoezekwa. Hakuikanyaga kwa sababu chinsoni ilimkataza. Mila iliyomzuia kubeba maziwa yale ndiyo iliyomwacha kuwa mtu wa pekee wa kuyabeba.

Ndiyo maana alikuwa amesimama pale na mikono ndani ya koti.

Mwishowe Zilpah alikitundika kikapu kwenye mti wa ua, akaondoka. Nyakundi akakichukua kwa ncha za vidole, akiangalia pembeni, akakifunga kwenye usukani na kukifunika gunia. Kutoka mlangoni kwa Ombati Bathsheba alimwona akihangaika, naye akarudi ndani haraka, maana haya hazikuwa za mzee peke yake.

Njiani Nyakundi alikanyaga pedeli kama mtu aliyeiba. Alihisi kila aliyemsalimia anaangalia kikapu. Na alipokaribia kinu cha mahindi akaona kile alichokuwa akikiombea kisitokee: Ongeri amekaa kibarazani na wazee wengine watatu wa kwao.

Ongeri alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwema, lakini mdomo wake ulikuwa ukivuja. Kumpita bila kumsalimia kungekuwa tusi. Kusimama mbele yake na kikapu kungekuwa kuulizwa umebeba nini, na Ongeri akishauliza, haachi mpaka afunue mwenyewe. Nyakundi alipiga hesabu ya mtu mwenye aibu, ambayo siku zote hutoa jibu baya. Alishuka, akakifungua kikapu, akakificha ndani ya ua wa ojuok, ile mimea ya utomvu mweupe, kando ya njia, kisha akaenda kusalimia akiwa mikono mitupu.

Alidhani atasimama kidogo tu. Wakamvutia kigoda. Wakazungumza juu ya mabati ya kanisa, na nani aliahidi misumari akaingia mitini. Mara mbili aliinuka, mara mbili wakamrudisha chini kwa swali. Alicheka walipocheka, huku jicho likirudi kwenye ua. Alipofanikiwa kuaga jua lilikuwa limekwisha kupanda.

Kwenye ule ua alikuta mbwa.

Kikapu kilikuwa kimepinduliwa, kizibo cha mpira kiko huku na chupa iko kule, na mbwa yule mwembamba alikuwa akilamba majani. Siafu walikwisha kujipanga. Wazee husema maziwa ya mama yakimwagika chini yakanywewa na siafu, titi hukauka. Nyakundi alimtupia mbwa jiwe, akafukia mahali pale kwa kiatu, akakanyaga na kukanyaga, kama kwamba kukanyaga kungerudisha kitu chupani.

Arudi? Angesema nini? Angesimama mbele ya ua wa mwanawe na kusema nipeni mengine? Mengine ya nini? Neno lenyewe hakuweza kulitamka hata akiwa peke yake na mbwa. Na Bathsheba alikuwa amekamua tangu jogoo la kwanza kupata yale. Asingekuwa na kitu mpaka alasiri. Na mtoto alikuwa akingoja.

Mbele kidogo mama mmoja alikuwa ameketi na vibuyu vya maziwa ya ng'ombe, ya asubuhi ile ile. Nyakundi aliyaangalia. Meupe. Mazuri. Yeye mwenyewe alikuzwa na maziwa ya ng'ombe, na baba yake, na babu yake aliyekufa akiwa na meno yote. Maziwa ni maziwa, alijiambia. Akateremka kijitoni, akaisuuza chupa kwa maji yale yale ambamo ndama walikuwa wamesimama, akarudi kwa yule mama, akaijaza mpaka shingoni. Tena moyo ukamtulia. Chupa ile aliweza kuishika kwa mkono mzima.

Sista Marcella aliipokea langoni, akaiinua juani. "Aa, jaduong'! Leo imejaa hivi? Mama amekula uji vizuri?"

"Ndiyo," alisema Nyakundi.

Lilikuwa neno moja, na lilimtoka kwa wepesi uliomshangaza.

Marcella alifurahi hata akamzungusha nyuma ya jengo, akamsimamisha kwenye dirisha la kioo. "Angalia mjukuu yako." Nyakundi aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Mle ndani, katika sanduku la mwisho, kulikuwa na uso mdogo umekunjamana, wa baba yake mtupu, na kifua kikipanda na kushuka haraka haraka. Mzee alisahau aibu na kila kitu. Alirudi Uriri akipiga mluzi, na akamwambia Zilpah kwamba mtoto ana pua ya ukoo.

Kesho yake alibeba maziwa ya Bathsheba yenyewe. Alipita njia ya nyuma ya mashamba, mbali na kinu, na hakushuka popote. Alifika mapema, akajisifu moyoni.

Marcella hakunyoosha mkono kupokea kikapu.

"Mtoto amefura tumbo," alisema. "Tangu jana jioni. Anatapika, anaharisha, usiku mzima nimemshika. Ile maziwa ya jana ilikuwa na nini?"

Nyakundi alikivuta kikapu kifuani.

"Mama ni mgonjwa? Ako na fiva? Titi imefura?"

"Sijui," alisema. Na hilo, kwa mtu wa chinsoni, lilikuwa jibu la heshima. Hakuna ambaye angemlaumu. Ndiyo maana lilikuwa baya kuliko lile la jana.

Watu walikuwa wamepanga foleni langoni, wengine wa Uriri. Marcella alikuwa na umri wa binti yake wa mwisho. Mzee alifungua mdomo, akauona uso wa Ongeri kichwani mwake, akaufunga mdomo. Sista akaichukua chupa, akang'oa kizibo, akayamwaga maziwa kwenye nyasi, mbele ya macho yake. Maziwa safi ya mama, yaliyokamuliwa alfajiri na mwanamke mwenye mtoto mgonjwa mgongoni.

"Mwambie apumzike," Marcella alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Asikamue tena. Labda mwili yake imechoka. Nitajaribu ya unga. Mimi siipendi, jaduong', nimeona nini inafanya kwa hawa wadogo. Lakini nifanye nini sasa?"

Nyakundi aliendesha baiskeli kurudi nyumbani akijitukana kwa lugha zote alizozijua. Mara ajitetee kwamba hakukusudia, mara ajiulize mbona basi hakusema. Alipofika alimpa Zilpah ujumbe kama alivyopewa, neno kwa neno, bila kupunguza, na bila kuongeza lile moja lililotakiwa kuongezwa.

Zilpah akavuka ua kwenda kumweleza Bathsheba. Nyakundi akaketi chini ya ukuta wa nyumba yake, akavuta tyubu ya baiskeli na beseni la maji, akatafuta tundu ambalo hakuwa na haja nalo. Halafu akasikia sauti ya mkamwana wake, sauti ambayo kwa miaka yote hakuwahi kuisikia ikipanda.

"Ni mimi? Mama, ni mimi ninayemuua?"

"Nyamaza, mwanangu. Ulikula nini juzi?"

"Uji. Mboga. Nilikula ulichonipa wewe!"

"Basi Mungu anajua. Inua mikono nikufunge."

Wanamfunga matiti. Nyakundi alijua kitambaa hukazwa kifuani ili maziwa yarudi, yakauke. Alisikia kitambaa kikichanwa. Alisikia Bathsheba akisema kwamba mwili wake ndio uliomtupa mtoto nje kabla ya wakati, na sasa mwili ule ule unamlisha sumu. Kwamba labda hakustahili kuwa mama. Kwamba Marcella alimwambia dawa iko kwake, kumbe haikuwa dawa. Mzee aliubana mpira wa tyubu mpaka vidole vikamwuma. Alitamani mtu atoke amtukane. Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa, na yeye ndiye aliyekuwa nguoni mwa watu hawa, akiwala, huku wakimwandalia chakula cha mchana na kumwita mzee wa nyumba.

Chakula alikiacha pale pale. Alimfuata Zilpah shambani, akasimama kati ya migomba.

"Hayakuwa maziwa yake," alisema.

Zilpah aliendelea kulima.

"Ya juzi unasema?"

"Ya jana. Yake yalimwagika. Nilikificha kikapu ili Ongeri asikione, mbwa akayamwaga, nikanunua ya ng'ombe. Chupa niliisuuza kijitoni."

Jembe likasimama. Zilpah alimwangalia mumewe kwa muda, na Nyakundi, ambaye alikuwa amejiandaa kwa kelele, hakupata kelele. Ingekuwa nafuu.

"Nimemfunga mimi," Zilpah alisema. "Nimekaza mpaka akalia. Nimemwuliza alikula nini kama mchawi. Na wewe ulikuwa pale ukutani na beseni lako."

"Nenda umwambie, Zilpah. Mfungue."

"Nikimwambia mimi, atasema mama mkwe anamfariji. Na huyo sista wako naye, nani atamwambia? Mimi mwenye ukambi nguoni? Ulisema ndiyo kwa mdomo wako. Nenda na mdomo huo huo."

"Nitatamkaje mambo hayo mbele ya mkamwana?"

"Sijui," Zilpah alisema, "lakini kila unapofikiria, yanakauka."

Akageuka, akaendelea kulima, na nadhani ni vile alivyoendelea kulima ndivyo vilivyomwondoa mzee pale.

Alikwenda mpaka ukingo wa ua wa mwanawe, mahali ambapo miguu yake ilikuwa imezoea kukoma. Akaupa mlango mgongo. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima aliyobaki nayo. Mbele yake kulikuwa na shamba la mtama na punda wa jirani, na kwa punda huyo ndiko alikoelekeza maneno.

"Mama Nyamoita! Nisikie. Maziwa yako hayana kosa."

Nyuma yake mlango ulilia kwenye bawaba.

"Maziwa aliyopewa mtoto jana hayakuwa yako. Yako niliyamwaga. Niliona aibu kuyabeba, nikayaficha, yakamwagika, nikamnunulia ya ng'ombe, nikamwambia sista ni yako. Titi lako..." Hapo sauti ilimpasuka. Akaanza tena, kwa nguvu, hata punda akainua kichwa. "Titi lako ni zima. Ni mimi. Mtoto nimemwumiza mimi."

Ombati alikuwa ametoka na Nyamoita begani, akasimama mlangoni asijue aangalie wapi. Baba yake alikuwa ametamka mbele ya mkewe neno ambalo mwana hakupaswa kulisikia kutoka kwa babaye mpaka kaburini. Nyakundi alisikia nyayo zikija juu ya mchanga. Zilikuja mpaka zikampita, na Bathsheba akasimama mbele yake, katikati yake na mtama, kitambaa kimemkaza kifuani juu ya gauni na macho yamevimba.

"Tata," alimwita, kama wanavyomwita baba, "nilikuwa nimeanza kuomba Mungu aniondoe mimi amwache yeye."

Nyakundi aliangalia chini.

"Niangalie."

Hakuweza.

"Basi usiniangalie. Chukua baiskeli."

"Kukamua utakamua kwanza? Nitapeleka hata sasa, nitashika mkononi watu wote waone."

"Sikupi chupa tena," Bathsheba alisema. "Nipeleke mimi."

Ombati alisema, "Mke wangu, sista alikataza," na Bathsheba akamwambia ampe Nyamoita uji na amfunike macho jua lisimwumize, naye atarudi kabla ya giza. Aliyasema hayo akiwa tayari anaifungua ile nguo kifuani, akiuzungusha mkanda mmoja baada ya mwingine, na mzee akageuka haraka kwenda kutafuta baiskeli.

Kama hujawahi kuwaona Wagusii wazee, huwezi kujua ilikuwaje Uriri siku ile mzee Nyakundi alipopita sokoni na mkamwana wake kwenye keria ya baiskeli. Njia ilikuwa ya mashimo. Ilimbidi Bathsheba ajishike, na kitu cha kushika kilikuwa kimoja tu, koti la baba mkwe wake. Wanawake waliokuwa wakipepeta mahindi waliacha ungo hewani. Mtu mmoja aliita, "Mzee, kuna nini, nani amekufa?" Nyakundi alizidi kukanyaga. Jasho lilimtiririka mpaka ndani ya macho. Nyuma yake alihisi ngumi mbili ndogo zimekamata nguo yake, na kila baiskeli ilipogonga shimo alimsikia akivuta pumzi kwa maumivu, kwa sababu matiti yaliyokuwa yamefungwa yalikuwa yamekwisha kuwa magumu. Alijaribu kuyakwepa mashimo. Hakuna aliyeomba msamaha wala aliyeutoa.

Marcella alikuja langoni amekunja mikono. "Nilisema nini? Huyu ni wa nyumba ya ukambi!"

Nyakundi alishuka, akavua kofia. Foleni ilikuwepo kama asubuhi. Alisema yote mbele ya watu, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kikapu, mbwa, kibuyu, kijito. Alipofika kwenye "ndiyo" aliisema mara mbili, asije akaonekana anairuka.

Sista alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika, na haukubadilika kuwa wa huruma.

"Na mimi nimemwaga ile nzuri," alisema polepole. "Wuololo! Nimeimwaga kwa nyasi na hii mkono. Wewe unasimama hapo, unaniangalia, unanyamaza."

"Niliona haya, sista."

"Mficha uchi hazai, jaduong'. Wewe ulitaka kuficha uchi hata wa mtu mwingine."

Akamgeukia Bathsheba, na hapo ndipo sauti yake ilipolainika. Alimwambia mtoto bado yupo. Tumbo halijashuka, lakini tangu alipoacha kumpa chochote isipokuwa maji ya glukosi ametapika mara moja tu. Ile ya unga hakuwa ameanza. Alikuwa amelichukua kopo akalirudisha kabatini mara mbili. "Nikipata yako sasa, hata kidogo, nitajaribu na yako. Ndani huingii. Lakini nje ya dirisha hakuna ukambi inaweza kupita kioo."

Wakampa Bathsheba sabuni, maji ya moto na kanzu ya hospitali. Wakamwekea kiti nyuma ya jengo, uso wake ukielekea dirishani. Marcella akaingia ndani, akalisogeza lile sanduku la mwisho mpaka kwenye kioo, akafunua pamba usoni pa mtoto. Kisha akachungulia nje na kuona watu wa foleni wanaanza kusogea kutazama. Alimwita Nyakundi, akamtupia shuka.

"Shika hii. Simama hapo, uwafungie hawa watu. Na wewe usigeuke."

Hivyo mzee Nyakundi alisimama katikati ya uwanja wa hospitali, mikono ameitanua, shuka limening'inia nyuma yake kati yake na mkamwana, uso wake ukiwaelekea wageni wote. Kwa muda mrefu hakusikia kitu ila Bathsheba akihema. Akamsikia akisema, kwa sauti ndogo, "Hayatoki." Akasikia kikombe kikiwekwa chini, kikiinuliwa tena. Marcella akiwa ndani aligonga kioo, akapaza sauti, "Usiangalie kikombe! Muangalie yeye!"

Nyakundi aliomba. Hakuomba asamehewe, hilo lilikuwa mbali mno. Aliomba yatoke.

Tone la kwanza aliligundua kwa sauti yake kwenye bati la kikombe. Likafuata la pili. Kisha yakawa yanakuja kwa mpigo, mstari mwembamba, ukikatika na kuanza tena, na Bathsheba alikuwa akimsemesha mtoto kupitia kioo, maneno ya kijinga ya kinamama, na kulia. Mzee alisimama akisikia kila kitu ambacho baba mkwe hapaswi kusikia. Machozi yalimshuka mbele ya foleni nzima, na mikono ikiwa imeshika shuka hakuwa na cha kujifutia.

Marcella alitoka kupokea kikombe. Alikiinamisha kidogo, akaangalia ndani.

"Kwa kawaida anajaza," alisema. Hakumaliza. Hayakufika hata nusu.

Aliingia nayo ndani. Mpirani waliyashusha tone kwa tone, na watu wawili, mmoja mbele ya shuka na mmoja nyuma yake, wakangoja kusikia kama mtoto atatapika. Jua lilisogea. Mwishowe Marcella alikuja dirishani, akaitikia kwa kichwa mara moja: maziwa yamekaa.

Bathsheba alifunga vifungo vya kanzu. Alizunguka shuka, akasimama pembeni ya mzee, na wote wawili wakaangalia lango.

"Shusha mikono, Tata," alisema.

Nyakundi aliishusha. Ilikuwa imekufa ganzi.

"Kesho utanileta tena," Bathsheba alisema. "Na kesho kutwa."

Hakuwa akiomba. Alitembea mbele mpaka kwenye baiskeli, akaketi kwenye keria, akangoja baba mkwe wake aje apande, na alipopanda, akamshika koti kabla hata hajaanza kukanyaga.